Kuwatafuta Marehemu Wetu Katika Vitabu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama huko Kiriba, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la Halmashauri ya Chama.)



Tulipoombwa kuleta maneno, tulifikiri kwanza kunena juu ya mishahara na kupandishwa vyeo, maana hayo ndiyo masikio hupenda kuyasikia. Lakini mwaka huu tumepatwa na jambo nyumbani kwetu lililotufundisha kwamba sisi makarani, tunaoshika vitabu vya watu wote, hatushiki vitabu vya watu wetu wenyewe. Twajua tarehe ya kila barua iliyoingia ofisini, wala hatujui tarehe ambayo baba wa babu yetu aliingia kaburini. Basi twaomba ruhusa kuwaeleza namna ya kutafuta habari za marehemu wetu, mahali zilipo, na hatari zilizomo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Ukoo wetu una shamba moja juu ya mwinuko, mbali kidogo na ziwa, hapa upande wa Majita. Nyumba mbili zaligombania shamba hilo, nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo wa mzee wetu, yaani baba wa babu yetu. Sisi ni wa nyumba kubwa. Kwetu tulifundishwa tangu utoto kwamba mzee alifariki kabla ya maji, na kwamba baada ya maji kuyafunika mashamba ya pwani, babu yetu alipanda juu akafyeka pori kwa jembe lake mwenyewe. Kwa hiyo shamba ni la nyumba yetu peke yetu. Wenzetu wa nyumba ndogo walisema la, mzee alikuwa hai wakati wa maji, naye ndiye aliyefyeka. Kwa hiyo shamba ni la watoto wake wote.

Ninyi nyote mwajua "maji" ni nini. Ni mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka wa 1961, ziwa likapanda mwaka baada ya mwaka hata Mei 1964, likazidi kimo chake cha awali kwa zaidi ya mita mbili. Halikufika tena kimo kile mpaka Mei 2020. Basi baraza lililosikiliza shauri letu likasema neno fupi: kila upande ulete ushahidi wa tarehe ya kufa mzee. Na kwa kuwa sisi ni karani, ukoo ukatutazama sisi.

Neno la kwanza tulilojifunza ni kwamba cheti cha kifo cha mzee wa namna yake si rahisi kupatikana, na sababu yake iko katika sheria. Uingereza iliwaandikisha watu wake waliozaliwa na waliokufa tangu Julai 1837. Hapa kwetu sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka wa 1920, lakini haikumlazimisha Mwafrika. Mzungu akifa iliandikwa. Mwafrika akifa, ndugu zake walilia, wakazika, wakanyoa nywele, basi. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1961 ndipo sharti hilo lilipofikishwa kwa wenyeji pole pole, wilaya baada ya wilaya. Tangu mwaka wa 2006 kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA, na wilayani hufanyika katika ofisi ya Katibu Tawala. Kwa hiyo, anayemtafuta mtu aliyekufa kabla ya hayo na kwenda kuomba cheti tu, atarudi mikono mitupu, na kosa si la karani wa dirishani. Hana budi kutafuta njia nyingine. Njia hizo ziko, nasi tutazitaja moja moja.

Njia ya kwanza ni wazee. Lakini mzee haulizwi mwaka. Ukimwuliza, "Alikufa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akufurahishe. Yafaa kumwuliza kwa mambo: Je, ilikuwa kabla ya nzige au baada yake? Kabla ya askari kurudi kutoka Burma? Wakati wa maji? Wakati wa Operesheni Vijiji? Mambo hayo yana miaka yake inayojulikana: nzige wakubwa walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, Vita Kuu ya pili ilikwisha mwaka wa 1945, Operesheni ilikuwa kati ya 1973 na 1976. Ukipata mambo mawili, moja la mbele na moja la nyuma, umemfungia marehemu katikati kama samaki katika wavu.

Tena majina yenyewe ni kumbukumbu. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa. Lakini majina yana mtego wake. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, kwa hiyo jina moja huzunguka katika ukoo kama ng'ombe wa mahari. Na mwandishi mgeni aliandika kama sikio lake lilivyosikia: Bwire, Bwile, Bhwire, Mafuru, Mafulu. Anayetafuta kwa herufi moja tu atampita ndugu yake mlangoni asimjue.

Njia ya pili ni makaburi. Wazee wetu walizikwa nyumbani, penye mji wao. Katika Operesheni watu walihamishwa wakaishi pamoja kandokando ya barabara, na makaburi yakabaki peke yake maporini. Mengine yalikuwa pwani, na ziwa liliyachukua. Aliye na mzee anayejua mahali pa kaburi na aende naye juma hili, asingoje mwezi ujao. Na tukijenga kwa saruji, tuandike jina lote, la ukoo na la ubatizo au la dini, pamoja na tarehe, maana saruji isiyo na jina ni jiwe tu.

Njia ya tatu, nayo kwa nchi yetu ni tajiri kuliko zote, ni vitabu vya dini. Kanisa Katoliki liliagiza tangu mwaka wa 1614 kwamba paroko awe na kitabu cha waliokufa, na sheria zake za mwaka wa 1917 na za 1983 zikarudia agizo hilo. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina mwaka wa 1911. Huko ndiko Mwalimu alikobatizwa mwaka wa 1943, mwaka mmoja baada ya baba yake, Mtemi Nyerere Burito, kufariki. Waadventista walikuwa wamekwisha kufika Majita kabla ya Vita ya mwaka wa 1914. Wamenno walianza Shirati mwaka wa 1934, wakafika Bukiroba mwaka wa 1935 na Mugango mwaka wa 1936. Wamaryknoll walikuja Musoma mwaka wa 1946.

Katika kitabu cha Wakatoliki, msitazame ukurasa wa vifo peke yake. Tazameni kitabu cha ubatizo, pembeni mwa mstari, maana pembeni ndipo padre alipoongeza habari za baadaye: aliyeoa, aliyehama, aliyefariki. Mara nyingi utakuta neno moja la Kilatini, obiit, yaani alifariki, na tarehe. Mwende kwa adabu, mkiwa na barua, tena msiombe kuchukua kitabu nje. Ombeni kukisoma mbele ya mwenyewe, mnakili kwa kalamu ya risasi, wala msiweke alama yo yote ndani yake.

Njia ya nne ni bomani na mahakamani. Mkumbuke kwamba Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka wa 2012 tu, na kabla yake karatasi za watu wa huko zilikuwa Musoma. Tena zamani Musoma yenyewe ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Basi karatasi hufuata bendera ya wakati wake. Usizitafute mahali ofisi ilipo leo, zitafute mahali ofisi ilipokuwa siku ile. Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam zimehifadhi mafaili ya wakati wa Wadachi na wa Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za watemi na koo. Watemi waliondolewa mwaka wa 1963, lakini makarani wao waliacha maandiko. Vitabu vya kodi navyo vina faida: aliyekufa hudaiwa mwaka mmoja, au miwili, kisha jina lake hukatwa. Kule kukatwa ni aina ya kaburi.

Mahakama za mwanzo zina majalada ya mirathi, na ndani ya jalada la mirathi mara nyingi mna muhtasari wa kikao cha ukoo. Karatasi hiyo ni hazina. Humo mna jina la marehemu, siku aliyofariki, wajane wake, watoto wake wote kwa majina, na sahihi au alama za vidole za waliohudhuria. Tumeona muhtasari mmoja ulioandikwa katika karatasi ya daftari ya shule, nao ulitueleza zaidi ya mawe kumi ya makaburi.

Kama marehemu alikuwa mtumishi wa Serikali au wa misheni, faili lake la kazi litataja siku ya mwisho wa utumishi na sababu. Kama alifia hospitali, ulizeni kitabu cha wodi.

Njia ya tano ni ya askari na wapagazi, nayo ina uchungu. Wengi wetu tuna babu aliyekwenda vitani asirudi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka wa 1917, ina orodha ya majina ambayo mtu aweza kuisoma bila malipo kwa njia ya mtandao. Waliokufa katika vita ya pili waweza kuonekana humo, kama wale wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki walioangamia katika meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ambamo walikufa zaidi ya watu 1,200. Lakini kwa vita ya kwanza mambo ni mengine. Mwezi wa Aprili 1921 haukuleta haki, wala wa 1951. Ilikuwa Aprili 2021 ndipo Tume hiyo ilipokiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo, usipomwona babu yako mpagazi katika orodha, usiseme kwamba hakwenda. Sema kwamba hakuandikwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na karani mwema hayachanganyi.

Njia ya sita ni magazeti na matangazo. Mambo Leo lilianza kutoka Januari 1923, na watu wa kila pembe waliliandikia barua, zikiwamo habari za misiba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya maandiko ya kale ya namna hiyo. Baadaye Radio Tanzania ilitangaza vifo, na nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza kama jina linalosomwa ni la mtu wao. Sauti ile imekwisha kwenda na upepo. Lakini tunayo tanzia nyingine ambayo hatuihesabu, nayo ni ile historia fupi ya marehemu inayosomwa kabla ya kuzika. Mtu hukesha usiku akiiandika: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliacha wajane na watoto wangapi, aliugua nini. Husomwa kwa machozi, kisha karatasi huingia mfukoni, na juma la pili hufungiwa sabuni. Pamoja nayo kuna daftari la rambirambi, lenye tarehe, majina ya waliotoa, na vijiji walikotoka. Hakuna kitabu kinachoonyesha upana wa ukoo kuliko hicho, nasi tunakitupa mara deni la jeneza likiisha kulipwa.

Sasa turudi katika shauri letu. Tulizunguka miezi mitano. Vitabu vya vifo vya parokia moja kongwe tulivipitia mara tatu, hatukumwona mzee, wala hatukutazamia kumwona, maana nyumbani kila mtu alisema mzee hakuwa Mkristo. Ndipo tulipokutana na mjane wa katekista mmoja wa zamani, bibi mkongwe sana, tulikwenda kumwamkia tu. Tulipotaja jina la mzee akacheka, akasema, "Mzee wenu alibatizwa mkekani. Marehemu mume wangu ndiye aliyemmwagia maji, naye akafa kabla ya jogoo."

Tukarudi parokiani tukaomba kitabu cha ubatizo. Tulimkuta. Jina la ubatizo lilikuwa moja ambalo hapana mtu nyumbani aliyelijua, jina la ukoo limeandikwa kwa l badala ya r, kijiji ni chetu, na majina ya wake wawili yameandikwa. Maneno yalisema amebatizwa katika hatari ya kufa, na pembeni pana neno obiit na tarehe ya siku iliyofuata. Mwaka ulikuwa 1966.

Mabwana na mabibi, tulikaa tukalitazama neno lile muda mrefu. Maji yalifika kilele mwaka wa 1964. Mzee alikuwa hai. Wenzetu wa nyumba ndogo walisema kweli, na sisi tulikuwa tumekosa. Baadaye tulipouliza vizuri tulipata chanzo cha kosa: palikuwa na binamu wa mzee, mwenye jina lile lile, aliyekufa kabla ya maji akazikwa pwani. Baba yetu alikuwa mtoto mdogo wakati huo, akilelewa kwa wajomba zake Ukerewe, akasikia jina tu.

Hatutaficha jaribu lililotujia. Hapana mtu mwingine aliyekuwa amekiona kitabu kile. Tungaliweza kurudi baraza na kusema, "Tumetafuta, hatukuona," na shamba lingalibaki kwetu, pamoja na miembe yake. Usiku ule tulilala vibaya. Asubuhi tulimwomba paroko barua yenye kunakili mstari ule, tukaipeleka mbele ya wazee wa nyumba zote mbili kabla ya siku ya baraza. Baba yetu alisimama akauliza, "Nani alikutuma kwenda kuuliza wafu?" Tukamjibu, "Baba, ni wewe uliyetutuma." Hakusema nasi siku nyingi. Shamba limegawanywa, na sehemu yenye miembe haikutuangukia. Lakini siku ya kugawa, shangazi yetu wa nyumba ndogo alipika samaki na ugali, akatuita kwa jina lile la ubatizo la mzee, akasema kuanzia leo mtoto atakayezaliwa katika ukoo ataitwa hivyo. Baba alikula. Tangu kugombana, ilikuwa mara ya kwanza nyumba mbili kula sinia moja.

Basi kwa mafundisho hayo twaleta mashauri machache mbele ya Chama.

La kwanza, anayetafuta habari za wafu asitafute ushindi. Akitafuta ushindi ataona anachotaka tu, na atakipita asichotaka.

La pili, nakili maneno kama yalivyo, hata yakiwa na makosa. Ukiona Bwile, andika Bwile. Maoni yako yaandike chini, mbali. Andika pia kitabu gani, ukurasa gani, na siku uliyosoma. Tena tambua tarehe ni ya nini: ya kufa, ya kuzika, au ya kuandikishwa? Siku tatu hizo mara nyingi si moja. Na umri wa mzee katika kitabu ni makisio tu.

La tatu, tuandikishe vifo vya leo. Sheria yataka kifo kipelekwe kuandikishwa ndani ya siku thelathini. Wengi huona cheti ni kazi ya baadaye, mpaka mjane anaposimama mbele ya benki au mfuko wa pensheni na kuulizwa karatasi asiyo nayo. Mwanachama akifiwa, Katibu wa tawi na afuatane na wafiwa mpaka ofisini kabla ya matanga kuondolewa. Huo ni ubani bora kuliko fedha.

La nne, kila mwanachama awe na daftari moja nyumbani, si la ofisi, aandike humo majina ya wazee wake hata kizazi cha nne, na mahali walipozikwa. Historia ya marehemu inayosomwa mazikoni, na daftari la rambirambi, viwekwe pamoja nalo katika sanduku lisiloingia mchwa. Tena nakala moja iwe kwa ndugu mwingine, maana nyumba huungua.

Mtu akituuliza kazi yetu twasema, "Tu karani," nasi twaona fahari. Twaandika mishahara ya wengine, mashauri ya wengine, safari za wengine. Bibi yule mjane wa katekista hakujua kusoma, lakini aliishika habari ya mzee wetu tangu mwaka wa 1966, akiingoja siku ya kuulizwa. Alifariki miezi miwili baada ya sisi kumwamkia. Siku ya mazishi yake tuliombwa tuandike historia yake fupi, tukaiandika nakala mbili.